Usipime Godoro kwa Inchi, Lipime kwa Kilo

Ndugu msomaji, leo naomba uingie chumbani kwako ukaliangalie godoro. Wengi wanaotujia na malalamiko ya kiuno huamka nacho alfajiri, na ikifika saa nne wakiwa shambani maumivu yamepungua. Hao hutaka vidonge. Mimi huwauliza kwanza wanalalia nini.

Kilichonisukuma kuandika ni mzee mmoja wa Muleba aliyepooza upande. Watoto wake, Allah awalipe, walipoona godoro lake limebonyea walinunua sponji ya inchi 2 wakaitandika juu. Baada ya wiki chache mzee akatoka kidonda juu ya makalio, pale penye mfupa. Nilipopitisha mkono chini ya nyonga yake nilihisi chaga za kitanda kama vile hakuna kitu katikati. Sponji mpya ilizama katika bonde lile lile la zamani. Godoro lililokufa ndani halifufuki kwa kuvishwa kanzu mpya.

Kwa hiyo anza chini. Toa godoro, kagua chaga, iliyovunjika ibadilishwe. Kisha vuta kamba juu ya godoro toka upande mmoja hadi wa pili, upime shimo. Likizidi inchi moja na nusu, mimi huhesabu kwamba sponji ya ndani imekwisha, nayo ndiyo ya kubadilisha. Kava likiwa zima lifue ulirudishe.

Ukifika dukani Bukoba mjini utatajiwa inchi. Inchi ni unene tu. Ubora uko kwenye uzito: sponji hafifu ina kama kilo 16 kwa mita moja ya ujazo, ya kudumu hufika 30. Maana yake, kipande cha futi 4 kwa 6 chenye inchi 4 kikiwa hafifu hakifiki hata kilo 4, na kikiwa kizuri kinakaribia 7. Omba kipimwe. Watu wa kahawa hatushindwi kupata mizani! Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili.

Ila mizani nayo hudanganywa. Ipo sponji ya mabaki, vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa pamoja, ni nzito sana. Kuitumia tabaka la chini hakuna ubaya. Ubaya ni kuifunika kwa sponji safi na kumuuzia mtu kama godoro jipya. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Nawe fungua zipu, tia mkono. Bonyeza kwa goti, hesabu hadi sitini, uachie. Isiporudi upesi, iache.

Mpangilio ni huu: inchi 4 ngumu chini, inchi 2 laini kidogo juu. Mzito wa mwili aongeze ya chini, asiongeze ya juu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe kwenye sponji laini kabisa, pua yake huweza kuzama akakosa pumzi. Na mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hakuna sponji inayofanya kazi hiyo kwa niaba yenu.

Penye mtoto anayekojoa au mgonjwa, tandika nailoni kati ya godoro na shuka kabla mambo hayajaharibika. Sponji hunywa mkojo hadi ndani, na kuitoharisha kwa maji ni kazi; kuikausha ni kazi kubwa zaidi kwetu Bukoba, ambako mvua kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Jua likitoka liegemezeni godoro ukutani, lisilazwe kwenye nyasi mbichi. Na lisikae juu ya sakafu moja kwa moja, litapata ukungu upande usiouona.

Lile kuukuu je? Wengine hulipeleka madrasa kwa watoto wa bweni na kuliita sadaka. Nimeona watoto wawili wakilalia bonde moja, mmoja akimwangukia mwenzake usiku kucha. Kama ulishindwa kulilalia wewe, kata kingo zake ambazo bado ni nzima ushone mito ya kukalia, kinachobaki kitupe.