MWANAMKE WA KIISLAMU KATIKA HABARI: ANAONEKANA, HASIKIKI





Kwetu nyumbani taarifa ya habari ya saa moja usiku ni ada. Watu wameshasali Maghrib, chai iko mezani, mahamri yakiwepo ni bahati, na kila mtu anatazama. Usiku mmoja msomaji habari alikuwa akieleza juu ya vijana wanaoingizwa katika itikadi kali. Habari yenyewe haikutaja mwanamke hata mmoja. Lakini picha zilizokuwa zikipita wakati anasoma zilikuwa za kina mama wa buibui sokoni, mmoja amebeba kikapu, mwingine anachagua nazi. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la nne, akaniuliza: "Mama, huyu wa nazi amefanya nini?"

Nikamwambia hajafanya kitu, ananunua nazi. Akasema, "Basi mbona wamemtia?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo swali lile halijanitoka.

Simtuhumu mpiga picha. Huenda aliambiwa alete picha "za Waislamu" kwa haraka, akachukua zilizo karibu. Mwanamume wa Kiislamu akivaa shati na suruali hajulikani dini yake, lakini mama wa buibui anajulikana akiwa bado ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo yeye ndiye anayebeba picha ya dini nzima, kwa mema na kwa mabaya, na hakuna aliyemuuliza lolote. Yule mama wa nazi pengine alikuwa na la kusema kuhusu vijana wanaopotea. Pengine ana mtoto wa rika hilo. Hatukusikia hata sauti yake akiuliza bei.

Tuitazame na lugha yenyewe. Kiswahili hakimlazimishi mtu kutaja kama anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke. Ukisema "daktari amefika", hujasema ni bwana au bibi, na unaweza kuendelea hivyo mpaka mwisho wa habari. Kiingereza kitakubana, maana sentensi ya pili tu itakubidi uchague. Basi mwandishi wa Kiswahili anapoandika "rubani wa kike" au "mshukiwa wa kike", sarufi haikumlazimisha. Amechagua mwenyewe. Ni vivyo hivyo na "mshukiwa wa Kiislamu". Wanafunzi, chukueni gazeti lolote mjaribu: mkikuta "wa kike" wekeni "wa kiume", mkikuta "wa Kiislamu" wekeni dini nyingine, kisha msome kwa sauti. Sentensi nyingi zitawachekesha, na hapo mtajua neno lile liliwekwa kwa kazi gani. Wala si kila mara ni uadui. Habari ikiwa ni ya hakimu wa kwanza mwanamke katika mji fulani, jinsia ndiyo habari yenyewe.

Jambo hili lilinifikia hata katika tauhidi. Mwanangu huyo huyo alirudi shule na kitabu cha Kiingereza akaniuliza kama Mwenyezi Mungu ni mwanamume, kwa kuwa ndivyo kile kitabu kinavyomtaja. Mimi nililelewa kwa Kiswahili na swali hilo halikunijia utotoni, kwa sababu "Yeye" wetu hana uume wala uke. Kiarabu nacho kina neno la kiume, lakini wanazuoni wameeleza kwamba hiyo ni kanuni ya lugha tu, na aya ya 11 ya Surat Ash-Shura inatufundisha kwamba hakuna chochote kinachofanana na Allah (S.W). Nilimweleza hivyo, akaridhika. Lakini niliona jinsi neno dogo linavyoweza kuingiza fikra kubwa katika kichwa cha mtoto bila mtu yeyote kukusudia.

Na jihadi je? Vituo vingi hulifasiri kuwa "vita vitakatifu", maneno ambayo hayamo ndani ya Qurani. Jihadi imetoka katika mzizi mmoja na juhudi na jitihada, maneno tunayoyatumia kila siku. Mwalimu anayeandika kwenye ripoti ya mtoto "aongeze juhudi" hana habari kwamba ametumia neno la ukoo huo huo.

Turudi kwa wanawake. Hapa Kenya tulikuwa na kesi ndefu ya hijabu katika shule moja ya Isiolo. Wasichana walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwakubalia, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Nilizifuatilia taarifa hizo, redioni na kwenye televisheni. Niliwasikia mawakili, viongozi wa kanisa, masheikh wetu na wanasiasa. Katika zile nilizozipata mimi, wasichana walionyeshwa kwa mgongo wakitembea. Najua ni watoto na sura zao zinastahili kulindwa. Lakini sauti inaweza kusikika bila sura, na kilichokuwa kikibishaniwa ni kichwa cha yule msichana.

Mpaka hapo nadhani tuko pamoja, kwa sababu kulaumu vyombo vya habari ni jambo jepesi katika vikao vyetu. Sasa niruhusuni niingie ndani ya nyumba.

Tazameni kanda na sidii za mawaidha tulizokuwa tukinunua nje ya misikiti, na leo zile tunazotumiana kwenye simu. Mwanamke ni mada isiyokwisha: mavazi yake, sauti yake, kutoka kwake, utiifu wake. Ni mara ngapi yeye ndiye anayezungumza? Mhadhiri anaweza kutueleza saa nzima mwanamke anahisi nini, na nyuma ya pazia wamekaa wanawake mia wanaomsikiliza wakati anaeleza. Hao nao, kama yule mama wa nazi, wamo ndani ya habari na hawasikiki.

Halafu kuna kadi za harusi. Nimepokea kadi, tena nzuri, za dhahabu pembeni, ambazo jina la bwana harusi limeandikwa kwa herufi kubwa, la babake, la babu yake, mahali pa nikaha na mahali pa walima. Bibi harusi ameandikwa "binti wa Bwana Fulani". Hana jina. Nikiuliza naambiwa ni heshima, jina la mwanamke halitangazwi. Sipuuzi heshima. Mimi mwenyewe mtaani huitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza na ninalipenda jina hilo. Lakini tusiseme ni dini. Amr bin Al-As (R.A) alimuuliza Mtume (S.A.W) ni nani anayempenda zaidi katika watu. Mtume (S.A.W) alijibu: Aisha. Akamtaja kwa jina lake, mbele ya kamanda wa jeshi, na jibu hilo limesomwa misikitini kwa zaidi ya miaka 1,400. Akaulizwa, na katika wanaume? Akajibu, baba yake. Yaani Abubakar (R.A) hapo ndiye aliyetajwa kwa jina la binti yake!

Na mfano mkubwa kuliko huo ni wa Khawla bint Tha'laba (R.A). Mumewe, Aws bin As-Samit, alimkasirikia akamwambia kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Kwetu yanasikika kama maneno ya hasira tu. Kwa Waarabu wa jahiliya ilikuwa fomula. Mume akishaitamka, mke anakuwa haramu kwake, na wakati huo huo hayuko huru kwenda zake. Mwanamke alifungwa kwa mfano wa maneno, kwa tashbihi moja. Khawla hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W) akajadiliana naye, akarudia, akamshtakia Allah hali yake na ya watoto wake. Bibi Aisha (R.A) alikuwa humo humo nyumbani, na amesimulia kwamba baadhi ya maneno yake hakuyasikia. Lakini Allah aliyasikia, na ikateremka Surat Al-Mujadila, sura ya 58, ambayo kwa jina lake inamkumbusha yule mwanamke aliyejadiliana. Aya ya pili inakwenda kwenye lugha moja kwa moja: wake hao si mama zao, na anayesema hivyo anasema jambo la kuchukiza na la uongo. Kisha ikawekwa kafara kwa mwenye kulitamka neno hilo: kumwacha huru mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo, au kulisha maskini 60. Miezi miwili ya saumu kwa sentensi moja! Sisi tunaita wenzetu kwa majina ya kila aina kisha tunasema ni mzaha.

Bibi Umm Salama (R.A) naye imepokewa kwamba aliuliza kwa nini wanaume wanatajwa katika Qurani na wanawake hawatajwi kama wanavyotajwa wao. Ikateremka aya ya 35 ya Surat Al-Ahzab, inayotaja sifa kumi, na kila sifa inataja wanaume na wanawake. Kwa Kiarabu tamko la kiume la wingi lingetosha kuwaingiza wote. Kisarufi hakuna kilichopungua. Lakini aliyeuliza alijibiwa, wala hakuambiwa kwamba swali lake ni dogo.

Najua kuna ndugu watakaosema haya ni mambo ya Beijing. Tangu ule mkutano wa mwaka 1995, mwanamke akiuliza jambo huku kwetu, hata akiuliza zamu ya kuosha vyombo, anaambiwa ni Beijing. Umm Salama na Khawla waliuliza Madina.

Sisemi tubadilishe sarufi. Mume ataoa na mke ataolewa, ndivyo Kiswahili kilivyo, ingawa mwanangu wa kiume ameshanionyesha kwamba Qurani inatumia neno moja, zawj, kwa mume na kwa mke. Ninalolitaka ni dogo. Taarifa ya habari ikisomwa, baba au mama awaulize watoto: nani ameonyeshwa, na nani amesikika? Kamati za misikiti zinapoandaa mhadhara juu ya wanawake, waulizwe kwanza wale wa nyuma ya pazia wanataka kusikia nini, na mwenye elimu kati yao apewe kipaza sauti awasomeshe wenziwe. Wapo. Madrasa zetu nyingi zinabebwa na wao.

Nasi nyumbani tumeanza. Binti yangu mkubwa ataolewa mwezi wa Shawwal, inshaAllah. Kadi zimeshachapishwa na zina majina mawili, la bwana harusi na la bibi harusi, kwa herufi za ukubwa mmoja. Ami yangu alipoiona alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akauliza jina la msichana linafanya nini pale. Nilimwambia, "Ami, Amr bin Al-As aliuliza, na akajibiwa." Akacheka, akaitia kadi mfukoni mwa kanzu.