Gesi Tunayo, Ikweta Tunayo, Roketi Tunangoja Nini?



Watu wetu wakija hapa Dubai huja kununua. Wanajaza makontena Deira, simu na vipuri, kisha wanarudi. Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho Dubai yenyewe haikukipata dukani: elimu ya anga. Hoja yangu ni kwamba Afrika Mashariki ianze sasa kujifunza kuunda roketi ndogo ya methani ya kurushia setilaiti.

Dubai ilianzaje? Mwaka 2006 ilifungua taasisi yake, ikapeleka vijana Korea Kusini kujifunza kazini. DubaiSat-1 ikarushwa 2009. Kufikia 2018, KhalifaSat iliundwa hapa hapa na wahandisi wenyeji. Mwaka 2024 kampuni ya hapa, LEAP 71, ikajaribu injini ya roketi ya mafuta ya taa iliyobuniwa na programu ya kompyuta, na ikawaka sawasawa. Lakini jaribio lilifanyika Uingereza, na setilaiti hizo mbili zilirushwa kutoka Kazakhstan na Japani. Pesa ipo, pa kurushia hapakuwepo.

Sisi tunapo! Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988 kutoka jukwaa la baharini. Mojawapo iliruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Jina letu, bahari yetu, roketi ya Mmarekani, wataalamu wa Kiitaliano. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliporuka Aprili 2023, iliondokea California kwa roketi ya SpaceX. Mwenye kisima kaenda kuomba maji kwa jirani.

Kwa nini methani? Kwanza, haiachi masizi kama mafuta ya taa, hivyo injini ni rahisi kuitumia tena. Pili, hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, wakati hidrojeni inadai 253. Tatu, tunayo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, karibu yote ni methani. Na si ndoto: Julai 2023 roketi ya Kichina Zhuque-2 ilikuwa ya kwanza ya methani kufika kwenye mzingo wa dunia.

Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, ambako dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekea mashariki inapata msukumo huo bure. Na setilaiti ndogo inayofuata ikweta hupita juu yetu takriban kila saa moja na dakika arobaini. Hebu fikirieni faida yake wakati wa mafuriko, au kwa kufuatilia meli zinazoiba samaki wetu.

Najua wapo watakaosema: hospitali hazina dawa, ninyi mnataka roketi! Hoja hiyo ni nzito. Roketi, hata ndogo, hula fedha nyingi, na za mwanzo nyingi huanguka. Ndiyo maana sisemi tuanze na roketi. Tuanze na injini moja ndogo iliyofungwa chini kwenye stendi ya majaribio, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vikishirikiana, pamoja na mtambo mdogo wa kusafisha gesi na kuigeuza kimiminika. Hata roketi isiporuka, mtambo huo utalisha malori, na fundi aliyejua kuchomelea tangi la baridi ile hakosi kazi.

La mwisho ni la kisiasa. Mkataba wa Malindi na Italia ulisainiwa 2016. Siku utakapojadiliwa upya, au akija mgeni mwingine kuomba pwani yetu, tusiulize kodi ya ardhi tu. Tuulize ni wahandisi wetu wangapi watakaa kwenye chumba cha kuongozea, na nani atabaki na michoro.

Naomba kuwasilisha.