Mtoto Harudii Hotuba

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, katika shule moja hapa Waberi, nikisubiri watoto wetu watuzwe. Joto la Garissa saa sita mchana mnalijua. Mgeni wa heshima alishika kipaza sauti kwa dakika arobaini. Alipofika kwenye habari za kusoma, akalalamika kwamba siku hizi hata wachekeshaji wanaandika vitabu vya watoto. Akamtaja yule binti wa Nairobi wa miwani midogo na krispi, kisha akauliza: mtu aliyepata jina kwa kucheka mbele ya simu atamfundisha nini mtoto wa Kiislamu? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Wallahi kweli."

Nilinyamaza, maana mzee akisema kwetu hakatizwi. Lakini neno hilo limenikaa kooni wiki nzima, na leo nalitema.

Kwanza niwaambie nilichokiona pale. Katika dakika zile arobaini, mvulana wa mstari wa mbele alifungua kamba za viatu vyake, akazifunga, akazifungua tena. Mwenzake alimpandisha sisimizi kwenye kijiti, akamgeuza, akampandisha upya. Watoto mia mbili na ushei walikuwa wamekaa mbele ya mgeni na hakuna hata mmoja aliyekuwa naye. Hotuba ilipokwisha, kijana wa chama cha maigizo akasimama akaiga mwendo wa bawabu wa shule anapofukuza mbuzi getini: funguo zinalia kiunoni, kofia inamwanguka, mbuzi anarudi kwa mlango mwingine. Watoto walilia kwa kicheko. Jioni ile, nje ya nyumba yangu, wasichana wanne walikuwa wakifukuza mbuzi asiyekuwepo. Mmoja alikosea mwendo, mwenzake akamrekebisha: si hivyo, funguo kwanza, halafu kofia. Neno la mgeni wa heshima sikulisikia likirudiwa na mtoto yeyote, si jioni ile wala siku iliyofuata.

Hoja yangu ni hiyo, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Mtoto harudii hotuba. Hurudia kilichomchekesha. Na kusoma, kwa mtoto wa miaka sita au saba, ni kurudia. Hakuna mtoto aliyejua kusoma kwa kupitia ukurasa mara moja. Anajua kwa sababu alirudi mara ya pili, ya tano, ya ishirini, hadi herufi zikamkaa machoni. Sasa niambieni nani katika nchi hii anajua kumfanya mtu atake tena. Mgeni wa heshima, au mchekeshaji?

Huyo binti aliyetajwa ni Elsa Majimbo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 2001. Mwaka 2020, korona ilipotufungia majumbani, alikaa chumbani na simu yake, akala krispi, akavaa miwani midogo, akasema aliyoyasema, na dunia ikamtazama. Mwaka huohuo akapata tuzo ya People's Choice kule Marekani kama nyota wa mitandao wa Afrika. Mwaka 2021, akiwa bado hajavuka umri wa mwanafunzi wa chuo kikuu, akatoa kitabu cha watoto, The Alphabet at Work, kwa ushirikiano na jumba la mitindo la Valentino la Italia. Msichana wa Kenya amewaandikia watoto kitabu cha alfabeti kinachohusu kazi, na sisi badala ya kukitafuta tunauliza ana ruhusa ya nani.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Lupita Nyong'o alipotoa kitabu cha watoto, Sulwe, mwaka 2019, hakuna aliyeguna. Tulimpigia makofi, na ilikuwa haki, kitabu ni kizuri. Lakini Lupita naye ni mwigizaji. Si mwalimu, si profesa wa lugha, wala hakusomea ualimu wa chekechea. Kwa nini yeye anaruhusiwa na Elsa anakatazwa? Kwa sababu Lupita alituliza. Alipata Oscar mwaka 2014 kwa kuigiza mateso ya mtumwa, na sisi tumeshikilia imani kwamba mwenye kuliza ana hekima na mwenye kuchekesha ni mpuuzi. Tumeifanya sura iliyokunjwa kuwa cheti cha elimu. Imani hiyo ni ya uongo, na anayeumia ni mtoto.

Mgeni alileta dini. Nami nitaileta. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim, Anas bin Malik anasimulia habari za mdogo wake, Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume (SAW) hakumpa hotuba ya kifo na subira. Alimtania kwa maneno machache yenye vina, akimwita kwa jina lake la heshima na kumuuliza yule ndege amefanya nini. Ni maneno ambayo mtoto angeweza kuyaimba akitoka mlangoni. Ibnul Qass, mwanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi aliyeishi katika karne ya nne ya hijra, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hiyo na akatoa ndani yake faida sitini. Faida sitini kutokana na utani mmoja aliotaniwa mtoto! Umma umeyarudia maneno hayo kwa miaka elfu moja na mia nne. Anayesema mzaha na mtoto ni kazi ya wasio na dini, akalisome hilo kwanza, halafu ashike kipaza sauti.

Tena kuna wanaosema, sawa, lakini kile kitabu kilitolewa na kampuni ya nguo, mtoto atafundishwa kupenda anasa. Mtoto wa Waberi anayegombana na kakake kwa nusu ya sambusa atajuaje Valentino ni nini? Ataona herufi, ataona picha, atacheka, atataka tena. Mkoba wa Italia ni ndoto ya watu wazima, na watu wazima wasimbambikie mtoto ndoto zao.

Hoja yao nyingine ni kwamba kitabu cha aina hiyo, kinachoandikwa kwa kibali cha kampuni au kwa kutumia mhusika ambaye ni mali ya kampuni, si uandishi wa kweli. Eti mwandishi wa leseni ni kibarua. Hili limenigusa pabaya.

Sisi tuliokulia hapa Kiswahili hatukukinyonya ziwani. Nyumbani Kisomali, duksini, yaani madrasa, Kiarabu, darasani Kiingereza. Kiswahili changu nusu nilikipata kwa walimu. Nusu ya pili nilifundishwa na Mzee Ojwang' na Mama Kayai katika Vitimbi, na wale mashahidi wa uongo wa Vioja Mahakamani. Tulikuwa tukijazana watoto kumi na wanane mbele ya televisheni moja ya jirani, mwenye nyumba akitufukuza na sisi tukirudi dirishani. Kesho yake, tukichota maji, mimi nilikuwa Ojwang' na binamu yangu alikuwa Mama Kayai. Nilirudia maneno yake hata kabla sijajua maana. Maana ilikuja baadaye, kama inavyomjia kila mtoto. Mwalimu wangu wa madarasa ya chini, Mungu amrehemu, alikuwa akiuliza neno fulani nimelitoa wapi, nami naona haya kumwambia.

Sasa fikirini. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alifariki Julai 2015 baada ya kutuchekesha kwa miongo mitatu. Katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kupewa kitabu hata kimoja chenye Mzee Ojwang' ndani yake. Laiti mchapishaji mmoja angechukua leseni ya mhusika yule, akampa mzee mwenyewe au mmoja wa wenzake kalamu, ningekuwa na kitabu mkononi siku ambazo jirani alizima televisheni. Kibarua wa namna hiyo angetufunza kusoma sisi kumi na wanane.

Wenzetu walifanya. Tinga Tinga Tales, zile katuni za kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini mamba ana mgongo wenye vinundu, zilichorwa na kutengenezwa hapa hapa Nairobi kwa mtindo wa rangi alioubuni Edward Said Tingatinga, Mtanzania aliyefariki mwaka 1972. Mwaka 2010 zikaonyeshwa kwa watoto wa Uingereza, na vitabu vyake vya leseni vikatolewa na Puffin. Hadithi za bibi zetu, mikono ya vijana wetu, jina la mchoraji wetu, na kitabu kinachapishwa London. Hilo ndilo la kukasirikia. Leseni za hadithi zetu ziko kwenye makabati ya wengine wakati sisi tunabishana kama mchekeshaji ana adabu.

Nani hata hivyo aliyesema mhusika wa kuazima ni aibu? Abunuwasi ana mwenyewe? Kila msimulizi wa pwani amemtumia. Na kwetu sisi, Igal Shidaad, yule mwoga mkuu wa Wasomali, amepita midomoni mwa mabibi wangapi? Ayeyo, bibi yangu, alikuwa akitusimulia usiku ambao Igal aliona kitu cheusi kimesimama mbele yake njiani. Akadhani ni adui. Akakisalimia, hakikujibu. Akakiahidi mbuzi, hakikujibu. Akaongeza ngamia. Akasimama hapohapo hadi alfajiri akitetemeka, na kulipopambazuka akaona ni kisiki cha mti. Ayeyo alikuwa akinyamaza hapo, anatutazama, halafu anaongeza sauti ya Igal akikikaripia kisiki kwa ujasiri wa mchana. Tulimwambia, ayeyo, tena. Akaanza upya. Sisi tulijua kisiki ni kisiki tangu mwanzo, na bado tulitaka tena.

Mtasema natetea kicheko bure, lakini angalieni hali ya shule zetu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii hii ya Garissa, na baadaye tume ya walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki. Madarasa yalibaki na watoto bila mtu mbele. Sheria ya mwaka 2013 ilikuwa tayari imetia kitabu kodi ya asilimia 16, na mzazi wa Soko Mugdi akawa analipia ukurasa kama analipia anasa. Katika hali kama hiyo kitabu mara nyingi kinaachwa peke yake na mtoto. Hakuna mwalimu wa kumshikilia, hakuna kiboko, hakuna mtihani kesho. Kisipomchekesha kufikia ukurasa wa pili, kitafungwa na hakitafunguliwa tena. Anayejua hofu ya ukurasa wa pili ni mtu aliyewahi kusimama mbele ya umati ukaanza kupiga miayo.

Ukitaka ushahidi, usiende kwa wataalamu. Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa tawi la Garissa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia hadi kwa jamii za wafugaji: masanduku mgongoni, hema la kukalia, mkutubi anatembea mbele. Niliwahi kufuata msafara mmoja kwa asubuhi nzima. Sanduku lilipofunguliwa nilivishika vitabu kimoja kimoja. Vile vya maadili, vyenye mtoto mwema kwenye jalada akimsaidia mzee kuvuka barabara, kurasa zake zilikuwa nyeupe na zimenata pembeni kama siku vilipotoka kiwandani. Kulikuwa na kimoja cha hila za sungura. Jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa za katikati zimelegea, na pembe ya chini ya kila karatasi ilikuwa na alama ya kidole chenye vumbi jekundu. Wasichana wawili walikivuta kila mmoja upande wake, na mkutubi akaamua wakae bega kwa bega wakisome pamoja. Walikuwa wameshakisoma. Mmoja alikuwa akitaja maneno kabla mwenzake hajafungua ukurasa.

Mgeni wa heshima alituomba tupeleke watoto wetu mbali na wachekeshaji. Mimi nawaomba wachekeshaji waje karibu. Mko wengi hapa mjini, mnachekesha harusini kwa Kisomali na Kiswahili, mnaiga makondakta, mashangazi na machifu, na watoto wanawafuata mpaka nje ya hema. Chukueni Igal Shidaad, ambaye haombewi leseni kwa mtu. Mwandikeni kwa Kiswahili upande mmoja na Kisomali upande wa pili, kurasa ishirini na nne, herufi kubwa, na kisiki kiwe na picha yake. Mchapishaji akiwafungia mlango, njooni Waberi tuchange sisi wazazi. Nakala ya kwanza nitainunua mimi, na ya pili nitampelekea mgeni wetu.