Afya ya Nafsi: Nira Ikihamia Shingo Nyingine

Wazazi wengi hushtuka wakimkuta kijana wao mkubwa, au mwenzi wa ndoa, amezama katika kitabu cha katuni za watu wazima ambamo mwanamke anatawala na mwanamume anatii. Wengine husema ni upotovu mtupu. Wengine husema ni mchezo tu. Sisi twaona yafaa kwanza tujiulize: raha ya hadithi hizo hutoka wapi? Jibu lake lahusu afya ya nafsi, na afya ya nyumba pia.

Jambo lenyewe si geni. Wakikuyu wa Kenya husimulia kwamba zamani wanawake ndio waliotawala, tena kwa ukali, hata wanaume wakafanya njama ya kuwapa mimba wote kwa wakati mmoja ili wawapindue. Jomo Kenyatta aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1938.

Kwa siku zetu, mfano mzuri watoka Japani. Mama mmoja mchoraji, Fumi Yoshinaga, alichora mfululizo wa katuni uitwao Ooku kuanzia mwaka 2004 hadi 2020, vitabu 19 kwa jumla. Humo ugonjwa mfano wa ndui unaua vijana wa kiume, mpaka wanaume wanabaki robo tu ya idadi ya wanawake. Wanawake wanashika jembe, biashara, na hatimaye kiti cha mtawala mkuu. Wavulana wanatunzwa kama yai. Jamaa maskini wanawakodisha watoto wao wa kiume kwa wanawake wanaotaka kuzaa, na katika jumba la mtawala wanaume wazuri wanafungiwa ndani, wakigombea kutazamwa.

Kwa nini hupendeza? Kwanza, aliyezoea kuamriwa hujiona anaamuru, wala hakuna aliyeumizwa. Pili, wapo pia wanaume wanaovutiwa. Mwanasaikolojia Roy Baumeister wa Marekani alieleza katika kitabu cha mwaka 1991 kwamba mtu huchoka kubeba mzigo wa kuwa yeye mwenyewe, akatafuta mahali pa kuutua. Mwanamume aliyeambiwa tangu utotoni asilie, asiogope, asishindwe, hupumua kidogo anaposoma habari za mwanamume asiyetakiwa kuamua lolote. Tatu, kugeuza mambo hufumbua macho. Msichana akiozwa bila kuulizwa, twasema ni desturi. Mvulana akikodishwa na mama yake, twasikia uchungu.

Lakini Yoshinaga hasemi kwamba utawala wa wanawake ni pepo. Watawala wake wanabanwa wazae warithi, wanazeeka kwa upweke, na wanaume walio chini yao wananyauka kwa wivu. Nira ikihamia shingo nyingine bado ni nira.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaosema ni mchezo tu. Mwaka 2000 wanasaikolojia Melanie Green na Timothy Brock walionyesha kwamba msomaji aliyezama katika hadithi huelekea kuyaamini yale ambayo hadithi inayasema. Basi kitabu ambacho utamu wake wote ni kumdhalilisha mtu hufundisha dharau, awe aliye chini ni mke au mume. Hata michoro ya magazetini ya mke akimkimbiza mume kwa mwiko hutuchekesha sana. Je, mume anayepigwa kweli nyumbani atakwenda kwa nani, ikiwa anajua kila mtu atamcheka?

Ushauri wetu ni huu. Vitabu vya watu wazima viwekwe mbali na watoto, bila mjadala. Lakini kwa mtu mzima, msikimbilie kuchoma kitabu. Ulizeni kwa upole: "Ni kitu gani kimekupendeza humu?" Mke anayefurahia malkia asiyechota maji huenda anasema amechoka na kuni, shamba na watoto, bila mkono wa pili. Mume anayefurahia kutawaliwa huenda anasema karo na madeni vimemlemea, naye anaona haya kukiri. Yote mawili ni maradhi yenye dawa: kazi zigawanywe, na fedha ya nyumba ijadiliwe na wote wawili.

Iwapo msomaji anakosa usingizi, anajitenga, anatafuta picha kali zaidi kila siku, au ameacha kabisa kuzungumza na mwenzake, aende kwa daktari au mshauri mapema. Hayo si mambo ya kuonea aibu.

Katika Ooku, kubadilishana viti hakukuuondoa ugonjwa ule. Uliondoka pale watu walipoacha kuuzoea, wakatafuta kinga. Nasi tusiuzoee uchovu wa wenzetu nyumbani.