Lubudi ina simenti, mashamba hayana ukuta

Vijana wenzetu wa Lubudi, Fungurume na Kolwezi,

Kila kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, mboga nyingi tunazokula mjini zinatoka kwenye bustani za kando ya mito. Lengalenga, kalembula, nyanya, vitunguu. Mama anachota maji kwa ndoo, anamwagilia, asubuhi anabeba mzigo mpaka sokoni. Wewe unanunua, unakula na bukari yako, hauulizi kitu. Leo tunaomba uulize swali moja tu: yale maji yametoka wapi?

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua swali hilo. Kule Kisiwa Panza, Pemba, bahari ilikuwa inapanda na kuingia nchi kavu. Chumvi ikishaingia kwenye shamba la mpunga, unaweza kupanda lakini huvuni. Kukajengwa ukuta. Kwingine duniani wakulima wanaweka baraji ndogo yenye lango mtoni: bahari ikijaa wanafunga, ikishuka wanafungua. Kazi yake ni moja: maji mabaya yasikutane na maji mazuri.

Sisi hatuna bahari. Lakini maji mabaya tunayo, tena yetu hayapandi kutoka chini, yanashuka kutoka juu, kwenye migodi. Sehemu kubwa ya shaba na kobalti yetu inatolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfuriki. Maji yanayobaki yanabeba asidi, chumvi za salfeti na mabaki ya metali. Yanapaswa kutiwa chokaa na kufungiwa kwenye bwawa. Bwawa likivuja, au mvua kubwa ikilishinda, yale maji yanafuata mteremko, na mwisho wa mteremko ni bustani ya mtu.

Mtu asituambie tunatisha watu bure. Februari 18, 2025, kwa jirani zetu wa Zambia, bwawa la taka za mgodi la Sino-Metals lilipasuka kule Chambishi, sumu ikafika mto Kafue, mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Novemba 4 mwaka huohuo ikawa zamu yetu: Lubumbashi, maji machafu ya kampuni ya CDM yalifurika kwenye mitaa ya watu, mpaka waziri wa madini akaisimamisha kazi kampuni hiyo kwa miezi 3. Na mwaka 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti baada ya kuongea na watu zaidi ya 140 wanaoishi karibu na migodi ya upande wa Kolwezi. Karibu wote walisema mavuno yao yameshuka.

Kwa hiyo tunadai nini? Baraji ndogo kwa ajili ya maji ya mashamba. Lakini tuelewane vizuri, maana hapa ndipo tunaweza kudanganywa. Ukijenga baraji chini ya mgodi, pale maji machafu yanapopita, hujaokoa shamba. Umechimba kisima cha sumu. Mahali pake ni juu, kwenye kijito ambacho bado ni safi, halafu mfereji unashusha maji mpaka bustanini. Upande wa mgodi linawekwa tuta na mtaro wa kukata njia ya maji ya mafuriko. Na kabla ya yote, maji yapimwe, matokeo yabandikwe mahali kila mtu anaweza kuyasoma.

Tena, ukuta si msamaha. Kampuni isije ikajenga baraji, ikapiga picha na wazee, kisha ikaendelea kumwaga uchafu ileile. Anayechafua ndiye anayezuia kwake kwanza.

Makuta? Yapo. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 9, 2018 inasema wazi: katika mrahaba ambao kila mgodi unalipa, asilimia 15 ni ya sheferi, sekta na komini mahali mgodi ulipo. Mrahaba wenyewe ni asilimia 10 kwa kobalti na 3.5 kwa shaba. Juu yake, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na inapaswa kusaini mkataba wa ahadi na jamii. Fungurume na kobalti yake iko ndani ya teritware yetu ya Lubudi. Na Lubudi yenyewe inajulikana kwa nini? Kwa simenti! Jiwe la chokaa tunalo, jiwe lilelile linalopunguza makali ya asidi. Tunakosa ukuta mmoja wa kulinda maji ya lengalenga? Hapana. Hiyo si umaskini, ni uamuzi wa mtu ofisini.

Tunataka mambo matatu. Moja: kila sheferi na komini itangaze imepokea kiasi gani cha ile asilimia 15 na imekifanyia nini. Mbili: maji ya mashamba yaandikwe kwenye mikataba ya ahadi ya migodi, si shule na barabara peke yake. Tatu: baraji ikijengwa, ufunguo wa lango ukae kwa wakulima wenyewe, wanawake wakiwemo, wala si kwa kampuni.

Katiba yetu, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo haitakuja na lori la mgodi.

Wewe uliye mjini, kiangazi hiki anza na jambo dogo: muulize mama anayekuuzia mboga analima wapi na maji yake yakoje. Kisha njoo na jibu hilo kwetu, twende nalo pamoja kwenye ofisi ya komini. Kwa amani, bila jiwe, bila kurudi nyuma.