Mbuzi Wanahesabiwa, Watoto Wanakadiriwa

Soma habari yoyote ya uvamizi kutoka Turkana, hata ile fupi unayoipitia kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Mbuzi wamehesabiwa: mia mbili, mia tatu na hamsini. Ngamia pia. Halafu, mwisho kabisa: watu kadhaa walijeruhiwa kwa risasi. Kadhaa! Ndani ya neno hilo kuna mtoto wa miaka minane aliyekuwa malishoni, maana kule watoto ndio wachungaji, na risasi haiulizi umri.

Nasema bila kuzunguka: wa kwanza kulikataa neno "kadhaa" anapaswa kuwa daktari wa upasuaji. Yeye ndiye anayeona risasi ilipita wapi na iliacha nini.

Jibu nalijua. Eti daktari ashone, siasa awaachie wenyewe. Novemba 2018, NRA, chama cha watetezi wa bunduki kule Marekani, kiliwaambia madaktari maneno kama hayo: wabaki kwenye njia yao. Madaktari wakajibu kwa picha za nguo zao za thieta zikiwa zimelowa damu. Hii ndiyo njia yetu, wakasema. Mmoja wao, Joseph Sakran, alipigwa risasi ya koo mwaka 1994 akiwa na miaka 17, akapona, akaenda kusomea upasuaji. Leo Wamarekani wanajua kwamba tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wao. Hawajalimaliza tatizo, lakini hakuna kiongozi wao anayeweza kusimama aseme hajui. Sisi bado tuko kwa "kadhaa".

Na wala hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta mfano. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu za dunia zilizoathirika zaidi na ugonjwa wa haidatidi, ule wa mavimbe makubwa ya maji tumboni. Minyoo yake hutoka kwa mbwa. Wapasuaji wangeweza kupasua, kushona, kisha kumngoja mgonjwa anayefuata. Lakini miaka ya 1980 mradi wa AMREF ukatoka nje ya thieta: watu wakapimwa huko huko wanakoishi, mbwa wakashughulikiwa, familia zikafundishwa. Kama mbwa alikuwa kazi ya hospitali, bunduki imekuwaje siasa?

Tuongee kuhusu mwili wenyewe. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu tu. Viungo vyake vimesongamana, kwa hiyo risasi moja inaweza kupita kwenye utumbo, ini na pafu kwa mkupuo. Ikivunja mfupa karibu na goti, huenda mguu huo usikue sawa na mwenzake. Na kidonda cha risasi hakishonwi siku hiyo hiyo. Kinasafishwa, nyama iliyokufa inakatwa, kinaachwa wazi siku nne au tano ndipo kifungwe. Yaani mtoto anarudi thieta mara ya pili, pengine ya tatu. Sasa fikiria kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120. Lodwar wakishindwa, Eldoret iko zaidi ya kilomita 350 mbele, na njia inapita Kainuk, mahali ambapo wasafiri wenyewe hupigwa risasi.

Msiniambie haiwezekani. Lokichoggio, kaskazini ya Kakuma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding kuanzia 1987 hadi 2006, mojawapo ya hospitali zake kubwa kabisa za upasuaji wa vita. Ilikuwa kwa ajili ya majeruhi wa Sudan, na Waturkana pia walitibiwa pale. Januari 2005 mkataba wa amani ya Sudan ukatiwa sahihi Nairobi. Mwaka uliofuata hospitali ikakabidhiwa serikali yetu, na wapasuaji wa vita wakaenda zao. Vita vya jirani vilipata madaktari wake. Vya kwetu tunaviita wizi wa mifugo, na nani atapeleka mpasuaji wa vita kwa wizi wa mbuzi?

Ninachodai ni kidogo. Lodwar na Kakuma, kila mtoto mwenye jeraha la risasi aandikwe kwenye daftari moja: umri, eneo alikopigwa, saa ngapi zilipita kabla afike, alifanyiwa nini, alitoka vipi. Bila jina. Hesabu itangazwe hadharani kila miezi mitatu, gavana na waziri wa usalama waisome kama sisi sote.

Kuna hoja nzito dhidi yangu: watu wataogopa. Ni kweli. Jeraha la risasi tayari linakuja na maswali ya polisi na fomu ya P3, na mzazi anayeogopa kuulizwa bunduki ilikuwa ya nani anaweza kumficha mtoto nyumbani mpaka kidonda kioze. Ndiyo maana daftari hili lisiwe la polisi. P3 inatafuta mhalifu mmoja kwa kesi moja. Daftari linauliza: mbona ni eneo lile lile, msimu ule ule, kila mwaka?

Februari 2023 serikali ilianzisha operesheni ya Maliza Uhalifu katika kaunti sita, Turkana ikiwemo. Mafanikio tunahesabiwa kwa bunduki zilizosalimishwa na mifugo iliyorudishwa. Sawa. Lakini watoto wangapi walifika thieta na risasi kabla ya operesheni, na wangapi baada yake? Bila namba hiyo, "uhalifu umeisha" ni maneno ya jukwaani tu.

Mwaka 2024 madaktari wa nchi hii waligoma siku 56, na kila Mkenya aliwasikia. Kumbe sauti wanayo. Basi waitumie pia kwa mchungaji wa miaka minane: wadai wapasuaji wa kudumu Lodwar, damu ya kutosha kwenye friji, na daftari. Mbuzi wa Turkana ana hesabu yake. Mtoto aliyekuwa akimchunga anayo?