Damu iulizwe kwanza

Aliyepandikizwa moyo hutoka hospitalini akiwa bado na kesi. Kinga ya mwili wake inautambua moyo ule kuwa mgeni, na dawa za kuituliza zikilegea kidogo, mashambulizi huanza, mara nyingi mwenyewe asihisi lolote. Ndiyo maana tangu Philip Caves abuni chombo chake huko Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari hupitisha koleo ndogo kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo, wakanyofoa vipande vya nyama na kuvitazama kwa hadubini. Katika mwaka wa kwanza mgonjwa hurudia hayo mara nyingi, na kila safari ina hatari yake, ikiwemo kuchana vali ya moyo.

Siku hizi damu inaweza kuulizwa kabla ya nyama. Seli za moyo zinapokufa humwaga DNA kwenye damu, na kwa kuwa moyo ni wa mtu mwingine, maabara huitenganisha DNA hiyo na ya mgonjwa. Kipimo kingine husoma vinasaba vilivyoamka ndani ya chembe za damu za mgonjwa mwenyewe. Hicho kilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 602, matokeo yakatolewa mwaka 2010. Waliofuatiliwa kwa damu walinyofolewa nyama wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, wenzao mara 3. Ndani ya miaka 2, waliopata madhara makubwa, vifo vikiwemo, walikuwa asilimia 14.5 upande wa damu na 15.3 upande wa nyama.

Wapo wasioridhika, na hawasemi ovyo. Wagonjwa wale walikuwa wamevuka miezi 6 tangu wapandikizwe, kipindi kikali kimeshapita. Tena DNA huonyesha kwamba moyo umejeruhiwa, haimtaji aliyeujeruhi. Nakubali yote mawili: damu ikitia shaka, nyama ichukuliwe. Nisichokubali ni kuifanya nyama hakimu asiyekosea. Koleo huweza kunyofoa pembeni ya penye ugonjwa. Na katika utafiti wa CARGO II, vipande viliposomwa upya na jopo la wataalamu, makubaliano kuhusu ukataaji mkali, yaani kinga kuushambulia moyo, yalifika asilimia 28 tu. Kipimo cha damu kinalaumiwa kwa kutolingana na shahidi ambaye wasomaji wake wenyewe hawaelewani!

Bei ndiyo pingamizi lililobaki, maana vipimo hivi ni ghali. Lakini chumba cha upasuaji, mashine ya eksirei na daktari bingwa navyo havitolewi bure. Miezi ya mwanzo koleo liendelee. Baada ya hapo, mgonjwa asiye na dalili ambaye damu yake imetulia asiingizwe koleo moyoni kwa sababu tu kalenda imefika.